Lango la Maji Linataka Watu Wawili

Shambani, nyumba ya kwanza kando ya mfereji,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole na baridi ya huko. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unakidanganya kwa chai? Sisi tunaendelea. Mama macho yamepata nafuu tangu apasuliwe. Sasa anaona hata vumbi nisilolifuta. Goti langu linalalamika kuliko mimi, na unajua mimi ninavyolalamika.

Nilikwambia kwamba ushirika ulileta vipima unyevu kwa majaribio. Ni kijiti cha chuma kinachochimbiwa ardhini na kupeleka habari kwenye simu. Udongo ukikauka, mota inafungua lango la mfereji; ukilowa, inalifunga. Mkutanoni waliopinga walisema tunaleta uchawi wa betri. Niliwajibu mmoja mmoja mpaka mwenyekiti akaomba maji ya kunywa. Na nilikuwa sahihi. Maji hayapotei ovyo tena, na mahindi tuliyovuna ungeyaona ungeshika kichwa. Atakayekuambia kifaa hiki ni kibaya, mwelekeze kwangu.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si wapinzani wala mimi, nalo linaniuma.

Lango unalikumbuka: bamba la chuma, mshikio mmoja ng'ambo hii, mwingine ng'ambo ile. Mtu mmoja akiliinua linakwenda upande na kukwama. Basi Baba huku, Baba Mdogo, mzee wako, kule, kila asubuhi, tangu hatujazaliwa. Wamegombania mpaka, mbuzi, hata redio ya marehemu babu, lakini hasira yao haikuwahi kuiona asubuhi ya pili, kwa kuwa maji hayangoji mtu anune. Mmoja angesema, "Inua, mzee." Mwingine angejibu, "Mzee baba yako." Wangecheka, maana baba ni mmoja, na yangeisha hapo.

Kipima kiliwekwa kimoja kwa mashamba yote mawili. Fundi wa ushirika, tunamwita Antena kwa urefu wake, alikichimbia upande wa Baba Mdogo, palepale mzee wako anapooshea jembe na miguu kila jioni. Yeye hakuuliza, na sisi hatukumwambia. Pale hapakauki. Kipima kikasema shamba limeshiba, lango likabaki limefungwa, na miche yote ya kabichi ya Baba ikanyauka. Mahindi ya Baba Mdogo yalikuwa yameshakomaa, hayakudhurika.

Baba akavuka mfereji. "Mwizi wa maji! Tangu utotoni wewe ni wa kuficha mnofu!"

"Na wewe tangu utotoni ni wa kuhesabu minofu ya wenzako!"

Mama alicheka tu, akijua asubuhi yatakwisha. Siku ileile Antena akakihamisha kijiti. Asubuhi lango likafunguka lenyewe. Hakuna aliyemhitaji mwenzake.

Tangu hapo mahindi yamevunwa, vitunguu vimepandwa na vimeota, wao hawajasemezana. Tulijua lango lile linagawa maji. Kazi yake nyingine hatukuijua mpaka tulipoliachisha.

Jioni Baba Mdogo akikohoa, sauti inatufikia. Baba anaacha kula. "Amekunywa dawa huyo?" ananiuliza mimi. Namwambia, nenda kamuulize. Anarudi kwenye sahani yake. Mdogo wangu, nimebishana na wenye shahada tatu tatu wakaondoka wameinama. Wazee hawa wawili wamenishinda.

Ijumaa nilichomoa betri ya mota. Ndiyo, mimi, mtetezi mkuu. Ninayo hapa kabatini, chini ya kanga za Mama. Antena yuko safarini mpaka wiki ijayo, na vitunguu vya pande zote mbili vinaanza kulegea majani.

Jana alfajiri Baba alikwenda langoni, akashika mshikio wa upande wake, akasubiri. Baba Mdogo alikuwa barazani kwake, macho kwenye simu, akingoja imwambie kuwa maji yametoka. Jua lilipokuwa kali Baba akarudi. "Limekwama," akasema, na akajifungia chumbani. Halikukwama, na anajua.

Ndiyo maana nakuandikia. Mimi nikienda, Baba Mdogo atasema nimetumwa. Wewe mwanawe wa pekee atakusikiliza. Mpigie leo. Usimhubirie, kazi hiyo niachie mimi. Mwambie tu kwamba simu haijui kila kitu, atoke nje akatazame lango kwa macho yake.

Barua hii naipiga picha nikutumie, kwani posta itakufikishia wakati vitunguu vimeshakuwa majivu.

Mama anakusalimu sana, na shangazi mkubwa anauliza lini utaoa, nami nimemjibu kwa niaba yako vibaya. Wasalimie wenzako wa chumbani. Mungu akufunike ugenini, akurudishe kwetu wazee wetu wote wakiwa bado na nguvu ya kukukumbatia.

Dada yako, akupendaye hata anapofoka.

N.B. Asubuhi hii Baba ametangulia tena. Namwona kutoka dirishani. Ameshika mshikio wa upande wake, anatazama ng'ambo.