Chungu cha Maua Kisichokuwepo

Hallonbergen,
Stockholm.
8 Februari 2026

Mpendwa Dada Veneranda,

Hujambo dada yangu? Magoti yanasemaje, na huko Kamachumu mvua imewakumbuka? Huku theluji imefika dirishani, lakini tunapumua. Mie mzima, mdomo mzima zaidi, ila moyo, dada, hautulii.

Kwanza ucheke: Mashauri wa Tumba kaoa tena! Bibi harusi ndiye yule aliyepika kwenye harusi yake ya pili. Haya, tumeyaacha.

Sasa linaloninyima raha. Kazini Kista wameleta mashine ya kudeki, inajiendesha yenyewe, mfano wa kobe mkubwa. Msimamizi wetu Gregory, Mkenya, akasema mie ndiye mkongwe, nitembee nayo siku tatu ishike njia zangu. Nikatembea nayo kwa maringo kama nampeleka mkwe kanisani.

Kumbe pale ukumbini ghorofa ya nne huwa nazunguka! Zamani palikuwa na chungu cha maua kikubwa kama pipa. Kimeondolewa miaka sita sasa, mie bado nazunguka, halafu mwishoni narudi kupafuta katikati kwa mkono. Mashine imeshika kuzunguka tu, kurudi hairudi. Pamebaki duara la vumbi, wenye ofisi wameliona. Gregory kanicheka, "Mama Nora, umeifundisha mashine kuogopa shetani?" Na Spéciose, yule Mrundi niliyemfundisha kazi, naye anazunguka, wakati hicho chungu hajawahi kukiona! Akajitetea kwa Kifaransa chake, "Mais dada, mie nilijua ni sheria ya kampuni!"

Nikamsimulia Nora. Unajua anasoma chuo, wanauita uchumi wa mageuzi. Huyu mtoto hata nikimuomba chumvi ananijibu Kiswidi, lakini siku hiyo alinieleza kwa Kiswahili. Eti kampuni haina akili ya kujua yote, inaishi kwa mazoea, na mazoea yanarithiwa kama pua ya ukoo, hata sababu yake ikishakufa. Anayebuni jipya likamfaa, wenzake wanamuiga. Asiyebadilika, soko linampepeta kama pumba. Nikamuuliza, haya, mashine ikishashika mazoea yetu yote, nani atabuni jipya? Akasema hilo ndilo maprofesa wenyewe wanabishania sasa. Dada, kama wao hawajui, mie wa darasa la nne?

Alhamisi mkubwa wa kampuni anatuita. Tuko sita, watabaki wawili. Ataniuliza mbona mashine inazunguka. Nora anasema niseme ukweli, maana mashine inajua njia, lakini sababu ya njia ninayo mie. Sawa. Ila nikishaitoa hiyo sababu, itanyooshwa, na mie nitabaki na nini mkononi?

Nitasema. Kunyamaza sijawahi kukuweza, unanijua. Uniwashie mshumaa kwa Bikira Maria siku hiyo, asubuhi.

Juzi nilitaka nijipime. Nikaenda ukumbini peke yangu, nikasema leo napita katikati, mwanamke mzima naogopa hewa? Nikashika fagio, nikaenda moja kwa moja. Nimefika pale, dada, miguu ikazunguka yenyewe.

Msalimie sana shemeji Boniface, na Dominic na wanawe, na Winifrida umwambie kitenge kimefika. Mungu awafunike kwa mkono wake, asimsahau na huyu wa kwenye baridi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mpaka sasa mwenye kazi,
Mama Nora