Dungu la Mabati

Jumanne jioni, Mei

…na kumbe Wajerumani nao walikosea vilevile.

Leo nilikuwa Malolo. Dungu nililomchomelea mama la kuamia ndege kweleakwelea kwenye mpunga wake, nilikuwa nimelizungushia mabati na kuliwekea paa, maana mwaka jana jua lilimwangusha shambani. Akapanda, akakaa kidogo, akashuka.

"Mwanangu, kweleakwelea wanatokea juu. Humu nitawaona saa ngapi? Na kombeo nitalizungushia wapi?"

Niliudhika. Kuchomelea ndiyo kazi yangu.

Niliporudi Kilosa nikasoma kwenye simu habari za magari ya deraya ambayo Wajerumani walitungulia ndege katika vita vya pili vya dunia. Moja la mwanzo lilikuwa kama sanduku. Ili mzinga uzunguke vizuri, ilibidi kwanza walaze kuta zake chini, na adui wa angani hasubiri hayo. Lililofuata likapewa kibanda cha chuma kinachozunguka pamoja na mizinga, juu wazi. La kufunikwa kote lilikuja vita vikiisha.

Nikampigia mama. "Shikamoo. Kesho naja kuondoa paa."

"Marahaba. Nani kakushauri?"

"Wajerumani."

Akacheka. "Nami niliyekuambia mchana, je?"

Sikumwambia lililobaki, kwamba waliokaa kwenye kibanda kile cha juu wazi risasi ziliwaingilia juu palepale.

Mpunga bado wiki tatu uvunwe. Kesho nitabeba msumeno wa chuma, na nitapita Magomeni ya hapahapa mjini kununua kofia ya ukili, pana kuliko zote.

Jua nalo linatokea juu.