Gari Lilipochelewa Kukata Kona

Shikamoo Baba,

Nimeandika salamu hiyo nikasubiri jibu kwa mazoea, kana kwamba utaniitikia kutoka sebuleni bila kugeuza kichwa, macho yako yakiwa kwenye kompyuta. Huu ni msimu wa kwanza wa baridi tangu tukuzike hapa Isansa, pembeni ya mibuni yako. Nilifikiri nitakuandikia barua ya kukulilia. Lakini kuna habari unayostahili kuipata, na siwezi kukupa habari hiyo bila kurudi kwenye siku ile ambayo hadi leo naiogopa.

Nianze na mahali palipokuwa na furaha.

Uliendesha malori kutoka Dar es Salaam hadi Kongo mpaka goti lako likakataa kukanyaga klachi. Ukarudi nyumbani kulima kahawa, na mwaka mzima ukawa mtu wa kununa. Mama alinipigia simu Tunduma akasema, "Baba yako anakaa barazani anasikiliza magari yanapita barabara kuu. Mtafutie cha kufanya." Ndipo nikakununulia ile kompyuta ya mtumba, na kwa mfanyabiashara mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikapata usukani wa kuchezea, wenye pedeli zake, mpira umebanduka upande mmoja. Nikakuwekea mchezo wa kuendesha malori.

Nilidhani utacheka tu na kuuacha. Kumbe! Jumamosi nikija nakukuta umevaa kofia yako ya safari, unasafirisha friji kwenye barabara za Wazungu. Ukifika kwenye kizuizi unaisalimu skrini, "Mulishani mukwai," vilevile ulivyokuwa ukiwasalimu Wazambia mpakani. Ulilalamika kwamba barabara hizo hazina matuta wala mbuzi, na kwamba dereva anaweza kusinzia kwa raha kama hiyo. Mama alikuwa akikuletea chai anakuuliza, "Umefika wapi?" Na wewe unamjibu kwa dhati kabisa, "Nimebakiza kama saa mbili."

Kisha Juni moja gari likaanza kuganda.

Ulinipigia simu kazini, sauti yako imejaa wasiwasi kama mtu aliyeharibikiwa porini. "Eliza, mashine inastaki. Naenda vizuri, halafu picha inasimama, inaruka, nakuta nimeshaingia mtaroni." Jumamosi nikaja. Nikafunga programu zote zilizokuwa zikijiendesha zenyewe nyuma ya mchezo. Haikusaidia. Nikapunguza ubora wa picha, nikaondoa vivuli vya miti na mng'ao wa maji barabarani, ukalalamika kwamba nimekupeleka nchi yenye ukame. Ikatulia kidogo, kisha ikaganda tena.

Wewe ndiye uliyesema, "Mbona ikiwa baridi inakwenda, ikishapata moto inachoka?"

Tukaifungua juu ya meza ya chakula. Feni ilikuwa imezibwa na maganda ya kahawa, kwa sababu ilikaa chumba tulichohifadhia pia magunia ya kahawa. Ulicheka sana. "Kumbe na hii ina rejeta!" Tukaisafisha kwa brashi na pampu ya baiskeli, nikabadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili joto litoke, tukaihamishia sebuleni. Nikakuwekea pia namba ndogo ya kijani kwenye kona ya skrini, inayoonyesha mashine inachora picha ngapi kila sekunde. Nikakwambia, "Ikisoma sitini, mashine ni nzima. Ikishuka chini ya thelathini, ndipo gari linapoganda." Kuanzia hapo ukawa unaitupia jicho namba hiyo kama geji ya injini.

Namba hiyo, Baba, ndiyo iliyotuokoa. Sijawahi kukwambia hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mchana, mvua ya rasharasha na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Unakumbuka ile nyumba mpya ilivyokuwa fahari yako: dari nyeupe, madirisha ya aluminiamu yasiyopitisha hata mbu. Kwenye nyumba ya zamani tulikuwa na jiko la mkaa ndani kila msimu wa baridi, na hatukuwahi kudhurika, maana upepo uliingia kwenye kila pengo la bati. Hapa hapakuwa na pengo. Mama alipomaliza kuchemsha maharage aliliingiza jiko sebuleni. "Mkaa huu bado mwekundu, goti la baba yako lipate joto." Akafunga mlango, akajilaza kwenye mkeka nyuma yetu, akajifunika kitenge. Sote tulifurahi. Mimi nilinyoosha mikono juu ya makaa.

Sijui ulipita muda gani. Ulisema, "Eliza, limeanza tena."

"Nini?"

"Gari. Nakata kona, linachelewa."

Nikatazama kona ya skrini. Sitini. "Mashine ni nzima, Baba."

"Basi ni usukani."

Nikachomoa waya wa usukani nikauchomeka kwenye tundu jingine. Ukajaribu tena, ukagonga kingo za barabara. Ukagonga tena. Nikakwambia uache usukani utumie vitufe vya kibodi. Ukagonga. Ulikuwa unahema kama uliyepanda mlima, na nikafikiri ni hasira tu.

"Hebu nipishe," nikasema.

Nikakaa kwenye kiti chako. Kona ikaja, nikaiona, nikajua ni kona, nikajiambia geuza usukani. Mikono ikageuka baada ya kona kupita. Lori likalala ubavu. Nikatazama namba: sitini, imetulia kabisa. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu muda mrefu, nikakumbuka hilo ghafla, kama kitu nilichokuwa nimekisahau mahali. Nikafungua ukurasa wa mipangilio ili nitafute kosa, na maneno niliyokuwa nikiyasoma kila wiki sikuweza kuyasoma. Yalikuwa herufi tu.

Hapo woga ukaniingia. Mashine ilikuwa inakwenda vizuri. Waliokuwa wakichelewa ni sisi.

"Mama," nikaita. Hakuitika. "Mama!" Kitenge hakikusogea. Nikasimama ili nimfuate, miguu ikawa ya mtu mwingine, nikaanguka kando ya meza, shavu kwenye sakafu. Nilitaka kulala, Baba. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo kuliko yote. Sikuwa na maumivu makubwa. Sakafu ilikuwa ya baridi na nzuri, na sehemu yangu moja ilikuwa inasema, pumzika kidogo.

Nikakusikia unasema polepole, "Ni jiko." Kisha ukapiga kelele, "Eliza, usilale! Ni jiko hilo!"

Uliwahi kunisimulia habari ya utingo aliyekutwa amekufa kwenye kabini katika foleni ya mpakani, hana jeraha, jiko dogo likiwa miguuni pake. Nadhani ulimwona yeye wakati ule. Nakumbuka mkono wako umenishika kwapani. Hukuweza kusimama, ulitambaa, goti lile bovu likiburuzwa, ukanivuta kwenye sakafu hatua kwa hatua, ukitukana na kuomba Mungu katika sentensi moja, Kinyiha na Kiswahili vimechanganyika. Nakumbuka kizingiti kikinikwaruza mgongo. Nakumbuka mvua usoni.

Ukanilaza ubavu kwenye matope, ukasema, "Pumua." Ukarudi ndani.

Sijui namna ya kuueleza muda ule. Nilikuwa natapika, siwezi kuinuka, nautazama mlango. Ndani palikuwa giza, na mwanga wa skrini ulikuwa unachezacheza ukutani. Lori letu bado lilikuwa linanguruma kwenye spika. Nilingoja nisikie sauti yako, sikuisikia. Nilitaka kupiga kelele, koo likatoa pumzi tu. Nikaanza kuamini kwamba nitabaki hapo kwenye matope nikiwa yatima, na nyumba imefunguka mbele yangu, na hakuna hata moto wa kuwaonyesha watu kilichotupata.

Kisha nikauona mgongo wako. Ulikuwa unatoka kinyumenyume, umekaa chini, unauvuta mkeka kwa mikono miwili, na Mama yuko juu yake.

Aliyetufikia kwanza ni jirani yetu Amosi, aliyekuja na pikapu yake baada ya kukusikia unapiga mayowe, akatupakia nyuma kama magunia. Njia nzima hadi hospitali ulikuwa umempakata Mama kichwa, unampigapiga shavu, unamwambia, "Mke wangu, tumebakiza kidogo. Tumebakiza kidogo tu." Walimwekea hewa ya oksijeni. Daktari alitueleza kwamba mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa sumu isiyo na harufu, na kwamba wengi hudhani wamechoka tu, wakalala moja kwa moja. Mama alifumbua macho kesho yake. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama maharage yameungua.

Tulicheka, tukalia. Lakini baada ya hapo hukuwa mtu yuleyule, na mimi pia. Uliondoa vioo viwili vya madirisha, ukaweka wavu. Ukakataa kuigusa kompyuta mpaka msimu wa kuchuma ulipokwisha, na uliporudi kwenye mchezo ulicheza mlango ukiwa wazi, umevaa koti na blanketi, ukiniuliza kila mara, "Namba inasomaje?"

Siku moja tulikuwa kwenye vichanja tunageuza kahawa, ukaniambia bila kunitazama, "Barabarani nimetekwa, nimepinduka, nimelala porini na simba wananguruma. Sijawahi kuogopa kama siku ile." Nikadhani unazungumzia sumu. Ukaendelea, "Mlikuwa wawili chini. Nguvu nilikuwa nayo ya mmoja. Nikakushika wewe. Nilimruka mama yako, Eliza. Nilipita juu yake, nikamwacha." Ulichukua punje mbovu ukaitupa mbali. "Kila usiku namwona palepale kwenye mkeka. Usije ukamwambia."

Sikumwambia. Nawe ukaondoka mwaka jana kwa shinikizo la damu, na hofu hiyo ukaenda nayo.

Sasa sikiliza habari yenyewe.

Mwezi huu, nyumbani kwangu Tunduma, mjukuu wako Upendo alikuwa anacheza ule mchezo wako, kwenye kompyuta yako niliyoihamishia kwangu. Nilikuwa jikoni. Akaniita, "Mama, gari linachelewa." Baba, sikufikiri. Nilimbeba mzimamzima nikatoka naye mbio hadi barabarani, pekupeku, nikamlaza chini nikawa namwambia apumue. Madereva wa bodaboda wakasimama. Mtoto alikuwa analia kwa sababu yangu. Ndani hapakuwa na jiko wala mkaa. Napikia gesi, na madirisha yote yalikuwa wazi. Niliporudi niliona kompyuta ilikuwa inapakua masasisho yake, na namba ilikuwa imeshuka hadi kumi na nane. Kitu cha kuzima na kusubiri tu.

Jumamosi nilikuja Isansa nikamsimulia Mama. Nilitarajia atanicheka. Akaendelea kumenya viazi, kisha akasema, "Nikwambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia baba yako. Sikutaka kumkumbusha siku ile, alikuwa akiweweseka."

Akasema, "Sikuwa nimelala."

Alikuwa macho, Baba. Alikuwa anasikia kila kitu, gari likigonga, mimi nikiita. Alitaka kuitika, mdomo haukufunguka. Alitaka kusogeza hata kidole, hakikusogea. Alituona kwa jicho lililobaki wazi kwenye pindo la kitenge. Aliniona nikianguka. Na akakuona wewe umepiga magoti katikati yetu, unageuza kichwa huku na huku.

"Nilimwona anasita," Mama akasema. "Nikajua anachowaza. Nikawa napiga kelele moyoni, mchukue mtoto, mwanaume wewe, mchukue mtoto! Nilikuwa naogopa asije akanichukua mimi. Sijawahi kuogopa kitu kama hicho." Akaweka kisu chini. "Halafu akanivuka. Nikaiona miguu yako inavuka kizingiti. Nikamshukuru Mungu, na woga wote ukaniisha. Hata asingerudi, nilikuwa nimetulia."

Nilitoka nje nikaja hapa ulipo. Nimekaa karibu nawe nakuandikia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Pumzika, Baba. Alijua, na alikuwa upande wako.

Mwanao uliyemvuta kwanza,
Eliza