Mgongo Wangu Kwenye Dawati la Mpwa

Kwaa! Ndugu yangu, huo ni mgongo wangu, mbele ya wazazi wote.

Dada alinituma kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yake. Tukakalishwa kwenye madawati ya watoto. Yenyewe ni ya chekechea, na wanaoyakalia wapo darasa la saba! Magoti yaligusa kidevu, nakuapia.

Mwalimu mkuu, amezama kwenye kiti cha mto, akatuhubiria: "Watoto wenu wamepinda migongo. Nyumbani hamuwafundishi kukaa!"

Nyumbani? NYUMBANI?

Unanijua mimi na mashairi. Nikainuka nimtwange beti nne za papo kwa papo. Mgongo ukalia kwaa, ukagoma. Nikabaki nimeinama kama ndoano, mdomo wazi, hata kina kimoja hakikutoka.

Unajua mwalimu mkuu alisema nini? "Asante, kijana. Huyu ndiye mzazi mwenye adabu."

Adabu! Mimi! Na wakanipigia makofi.

Mpwa wangu akaja kunikokota nje. "Pole, mjomba. Mimi huwa hivyo kila tukitoka darasani. Ukitembea kidogo unanyooka."

Aibu yote ikaniisha. Nikamwambia palepale mlangoni, mwalimu mkuu akisikia: "Kesho narudi na mbao na nyundo, hata nikiwa nimepinda hivihivi. Dawati lako nitaliongezea miguu mwenyewe, mama."