Majani ya Kengele ya Masera

Papa,

Paluku ameleta watoto wawili wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni, akaiweka mlangoni hapa Vulamba, mjini Butembo, tunapokaa tangu tulipokuzika. Mmoja ni mwekundu, mdogo, mkia umejikunja juu ya mgongo, na hata umkanyage habweki. Mwingine ana madoadoa ya kahawia na masikio yanayoning'inia, naye tangu afike hajanyamaza. Ni Masera na Radio, mbwa wako, kabisa. Nilipowaona ilibidi niingie ndani nikae kitandani kwanza.

Mdogo wangu Paluku anarudi Mabalako, kwenye shamba letu. Mama amelia, amekasirika, amegoma kula, lakini kijana hasikii. Ana ndevu mbili tatu sasa, basi anajiona mzee. Anasema amechoka kubeba mizigo ya watu sokoni wakati msitu wenye nyama uko palepale. Watu wa bunduki nao wako palepale, ila hilo halisemi. Anataka kuwinda, na mwenye mbwa anampa mmoja tu. Akaniambia mimi dada yake, "Yaya, chagua weye. Papa alikufundisha weye imbwa, mimi nilikuwaka nacheza tu."

Ulinifundisha, kweli, ingawa nilikuwa msichana na majirani walicheka. Masera alikuwa mbwa wa msitu, wale wasiobweka, na ndiyo maana alivaa kengele ya mti shingoni, ili tumsikie akimfukuza mboloko, yule paa mdogo, kwenye kichaka. Njiani tuliiziba kwa majani isilie. Tukifika penye mnyama unayatoa, na kazi inaanza. Kuziba uliniachia mimi. Nikiziba vibaya ikagonga njiani, ulinitazama tu, na mimi nikajua. Unakumbuka Mama siku ulipompa jina lile? "Masera ni bale bamama ba misioni! Unabatiza imbwa jina ya masera? Mungu atatupiga!" Ukamjibu kwamba huyu naye ananyamaza, anapiga kengele, na hajawahi kukuuliza ulikunywa wapi. Mama alicheka mpaka akaunguza mboga ya sombe.

Radio alitoka kwa Mzungu wa shamba la kahawa aliyeondoka akaacha mbwa wake. Alikimbia pua juu, na akinusa kanga alisimama ghafla, mguu mmoja hewani, kama anapigwa picha. Lakini mdomo! Alibwekea hata mvua. Siku mbili bila msitu zilimtosha kufukua maharagwe yote ya Mama. Kila Jumapili baada ya misa watu walikuuliza ni yupi bora, ukakataa kuchagua. Ulisema hujawauliza wao ni mtoto gani wanampenda zaidi.

Ulichagua siku ile watu wa bunduki waliposhuka kutoka barabara ya Mangina. Ulimfunga Radio kwenye nguzo ya jiko, ukamchukua Masera. "Radio itatuambia, Masera itanyamaza. Kila imbwa iko na kazi yake." Tukashuka korongoni chini ya mihogo, Paluku mgongoni mwako akichemka homa. Na Radio alituambia. Alibweka kama kawaida yake, kwa moyo wote, kisha risasi, kisha kimya. Sijawahi kumpenda mbwa yule kama dakika ile.

Halafu Paluku akakohoa. Mama akamziba mdomo kwa kitenge, naye akakohoa ndani ya kitenge. Huko juu sauti zikasimama. Wakaanza kushuka.

Ulinitazama, Papa. Ulinitazama mimi, siyo Mama. Ukaingiza kidole kwenye kengele ya Masera, ukayatoa majani niliyoyaweka mimi asubuhi. "Mubaki hapa. Hata mukisikia nini, musitoke." Ukavuka kijito pamoja naye, mkapanda upande wa pili, kengele ikilia. Tuliwasikia wakifurahi. "Mbuzi! Mbuzi!" Walikuwa na njaa, wakaifuata kengele.

Risasi tulizisikia. Kengele iliendelea kidogo, ikanyamaza. Kulipokucha ilikuwa ikilia tena, polepole, na tukaenda kuitafuta. Masera alikuwa amelala kando yako akijikuna. Majani yalikuwa bado mkononi mwako, na mkono umefumba. Hatukuweza kuufungua. Tukakuzika nayo palepale, bila sanduku, bila katekista, ndani ya kitenge kilekile kilichomziba Paluku mdomo.

Masera tulikuja naye Butembo. Mji haukumfaa. Alikimbia kando ya ukuta, kwenda na kurudi, mpaka akachimba njia uani, na msimu wa mvua uliopita alikufa akiwa amelala ndani ya njia hiyo. Kengele niliitundika juu ya mlango. Paluku akipita chini yake huinamisha kichwa, ingawa mlango ni mrefu. Kikohozi kile hajawahi kukitaja, nasi hatukitaji. Lakini najua ndicho kinachomrudisha Mabalako. Nyama ni maneno tu.

Sasa eti nichague. Nikimpa wa madoadoa, atawasikia wakija, na wao watajua alipo. Nikimpa mwekundu, hakuna atakayemsikia, wala hakuna atakayemwamsha. Wewe ulikuwa nao wote wawili na bado ukafa. Nina hasira nawe, Papa. Kwa nini ulinitazama mimi? Ulikuwa unaomba ruhusa? Sikukupa. Sikupata hata muda wa kukataa.

Nimechukua mwekundu. Leo nimeishusha kengele, nimeipaka mawese, nimeitia kamba mpya, kisha nikaiziba kama ulivyonifundisha, mpaka ukiitikisa haisemi kitu. Nikamwita Paluku mbele ya Mama. Nikamtaka aape: "Apa. Majani unatoa kwa sababu ya nyama tu. Kwa sababu ya mutu, hapana. Hata mimi, hata Mama. Apa!" Akamwinua yule mbwa mdogo, akamweka ndani ya shati lake. Kisha akanitazama. Yalikuwa macho yako.

Hakuapa.

Kwa hiyo ninakwenda naye. Mama atabaki kwa mama mdogo. Alipomaliza kulia alinifungia unga na chumvi. Tukifika nitapalilia kaburi lako kabla ya kushika jembe shambani. Wasingya, asante, Papa, kama ulivyozoea kuniambia nilipokuletea maji. Pumzika. Kengele nitaiziba mimi kila asubuhi, kwa mkono wangu, nakuahidi. Na siku Paluku akinitazama vile ulivyonitazama, nitakataa. Nitamshika mkono na sitauachia.

Binti yako,
Masika