Lebo ya Kwilti ya Kui

Jumamosi, 1 Agosti 2009

Mashine imefika! Virginia, dada yake Rahab anayeishi Amerika, ameibeba ndani ya sanduku lake katikati ya viatu na vitamini. Ni ya kukata herufi. Unabonyeza jina kama unaandika meseji, kiwembe kidogo kinatembea huko ndani, kinakata. Ukubwa wake ni kama redio za zamani. Virginia anasema huko kwao wanaitumia kwa karatasi za kadi. Sisi tunataka ikate kitambaa. Lebo za kwilti zetu! Mimi na Rahab tumeshona hizi blanketi za vipande tangu watoto wetu wakiwa nursery. Zikitoka hapa Noonkopir, Kitengela, zinaenda kulaliwa na wageni hotelini, na hakuna anayejua ni nani alidungwa vidole.

Inataka stima ya Amerika, kwa hivyo fundi ametuletea transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Tukawasha. Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa! Rahab akaruka. Virginia akacheka mpaka akakaa chini.

Neno la kwanza: KITENGELA. Tumepata kitu kama sukuma wiki iliyokatwa na mlevi.

Jumanne, 4 Agosti

Dawa ni pasi. Kitambaa laini kinakimbia kiwembe. Rahab ndiye aliwaza: tukipigia karatasi ya gundi pasi nyuma ya kitambaa, si kitakuwa kigumu kama kola ya mchungaji? Kikawa. Halafu unakibandika kwenye mkeka – si wa kukalia, ni plastiki yenye gundi iliyokuja na mashine – na huo mkeka ndio unaingia mdomoni mwa mashine. Ikimaliza, unatoa herufi mojamoja kwa sindano, unazipanga juu ya kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, pasi tena. Zinashika hata ukifua.

IMESHONWA KWA MKONO – KITENGELA. Tumesoma kwa sauti, tukifuata kwa kidole. K ya kwanza imekatika mguu. Rahab akasema iachwe, hata yeye goti linamsumbua.

Tumekubaliana mashine ikae kwangu, maana stima ya kwake inapotea ovyo hata nje ya hii rationing ya kukatiwa kwa zamu. Mkeka ukae kwake. Anauosha vizuri. Kwangu unashika manyoya ya paka.

Jumapili, 9 Agosti

Mbaluka wangu na Kui wa Rahab! Kujua tulijua, tangu mwaka jana, lakini leo baada ya ibada wamesema rasmi wanaoana. Mimi na Rahab tulipiga vigelegele hapo mlangoni mpaka mchungaji akatoka kuangalia. "Toki," Rahab ananiambia, "sasa nitakuita mkwe na bado unatumia makasi yangu?" Nikamwambia makasi ni sehemu ya mahari.

Harusi tarehe 12 Septemba. Ndung'u, baba Kui, hajakataa. Kwa Ndung'u, kutokataa ni kucheza densi.

Kwilti yao itakuwa ya bluu na rangi ya maziwa. Kwenye lebo: KUI NA MBALUKA. Chini yake tarehe, chini ya tarehe majina ya hizo familia mbili. Nimekata tarehe leo leo. Mume wangu Wathome anauliza, mbuzi hata hazijanunuliwa na wewe umeshakata tarehe? Huyu mtu alizaliwa bila furaha.

Jumatano, 19 Agosti

Jana Wathome na ndugu yake Kiilu walienda soko la Bisil kutafuta mbuzi za mahari. Na huu ukame! Hakuna jani mpaka Namanga. Wanasema yule mzee Mmaasai aliyewauzia hakusema asante. Alisema pole.

Ndung'u amezitazama leo zikiwa getini. Hakufungua geti. Akauliza: hizi ni mbuzi au ni hanger za nguo? Wazee wetu wameambiwa warudi mvua ikinyesha. Harusi imesogezwa, 10 Oktoba.

Nimepitisha pasi moto juu ya 12 Septemba, gundi ikalegea, nikazing'oa herufi. Nimekata upya. Angalau Oktoba ni neno fupi.

Jumatatu, 24 Agosti

Oktoba imekufa. Gitonga, ndugu yake Ndung'u, ana shughuli zake huko Illasit, anavuna vitunguu, na bila Gitonga hakuna kinachozungumzwa. Sasa ni 7 Novemba. Rahab alileta habari na mkeka pamoja. Tulicheka. Si sana. Tulikata Novemba, mashine ikitetemesha meza mpaka vikombe vikalia.

Nilimuuliza Kui, aliyekuja kumchukua mama yake, kama amechoka kungoja. "Hapana, Anti," akasema. Kwa haraka sana.

Ijumaa, 28 Agosti

Siku mbaya.

Nilikuwa nimeanza majina ya familia. Hii mashine haina ile alama ya juu, ile ya ng' ya ng'ombe. Nimetafuta kibonye baada ya kibonye. Kwani Waamerika hawana ng'ombe? Nikakata NDUNGU, nikijua nitaongeza hiyo alama kwa sindano na uzi. Kazi ya dakika.

Ndung'u akapita kumchukua Rahab. Akaona kwilti mezani na lebo juu yake. Akavaa miwani.

"Ndungu ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nauliza tu. Huyu Ndungu ndiye anaoza msichana? Basi mpelekeeni yeye zile mbuzi zenu."

Na mimi – huu mdomo! – nikasema angalau huyu Ndungu hatahamisha tarehe.

Rahab hakuniangalia. Alichukua mkeka, akaubandua kitambaa nilichokuwa nimeanza, akautia kwapani. "Haya, Mama Mbaluka. Tutaonana."

Mama Mbaluka! Mimi! Rahab ndiye alinishika mkono nikimzaa huyo Mbaluka, akinitukana kwa Kikikuyu nisukume!

Jumatatu, 31 Agosti

Mashine bila mkeka ni redio bila betri. Nimejaribu na karatasi ya manila na uji mzito wa unga. Imemeza yote. Nimetoa kwa kijiko.

Hajapiga simu. Na mimi sijapiga.

Alhamisi, 3 Septemba

Hajapiga.

Mbaluka ameomba shati yake nyeupe ipigwe pasi. Ati kuna interview kesho Kajiado. Nimempigia. Nimemwombea pia.

Jumapili, 6 Septemba

Kanisani Rahab alikaa upande ule mwingine. Mahali petu, penye ile feni, pakakaliwa na watu wa kutoka Athi River. Wakati wa kusalimiana akanipa mkono, akasema, "Bwana asifiwe, Mama Mbaluka." Mkono ulikuwa na plasta kidoleni. Ina maana anashona. Peke yake! Na thimble yake, ile ya kukinga kidole, iko kwangu.

Wathome anasema niende nikaombe msamaha. Nimemwambia nitaenda. Hajasikia vile moyo unasema: aje yeye kwanza. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili nanuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Nina hamu naye. Leo nilimuona mama mmoja amevaa kofia kama sufuria imefunikwa, nikageuka kumwambia Rahab. Nimegeukia ukuta.

Jumamosi, 12 Septemba

Leo ndiyo ingekuwa harusi. Ile ya kwanza.

Saa nne hivi nasikia hodi. Kui. Amebeba kitu kimefungwa na leso, kipana kama sinia. Akaangalia nyuma, akaingia, akafungua. Mkeka!

"Mama yako amekutuma?" Moyo ulipaa.

"Hajui nimeutoa." Akakaa. Akasimama. "Naomba unikatie lebo ingine. Ya kwetu tu. Majina na tarehe. Ya familia iache."

Nikawasha mashine. Nikapiga pasi, nikabandika, nikabonyeza KUI NA MBALUKA. Nikamuuliza tarehe, saba Novemba, sivyo?

"Nne Septemba."

Nikabonyeza nne. Nikabonyeza S. Halafu kidole kikasimama.

"Kui. Nne Septemba ilikuwa Ijumaa ya wiki jana."

"Ndiyo, Mum."

Mum. Tangu ajue kuongea huniita Anti.

Nikakumbuka shati nyeupe. Interview! Nilimwombea huyo kijana apite! Kumbe alipita.

Kui akaanza kulia na kucheka pamoja, akanieleza. Walifungishwa ndoa kwa ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, pale Kajiado. Jina lake na la Mbaluka yalibandikwa ukutani kwenye tangazo la ndoa wiki zile zote sisi tukigombania tarehe, na katika Wakamba na Wakikuyu wote wanaopita hapo hakuna aliyeinua macho kusoma. Mashahidi walikuwa rafiki zake wawili wa kazini. Walikula chipsi, wakarudi kila mtu kwao. "Tumechoka kungoja mbuzi zinenepe," akasema. "Na vile nyinyi wawili mmekosana, tuliona hii kitu itaisha kabisa."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kwa kweli. Mtoto nilimzaa mimi, na lebo ndiyo imeniambia kuwa ameoa! Lakini nikamtazama huyo msichana, amekaa kwenye kiti cha mama yake, anazungusha kitufe cha blauzi, na kitu pekee nilichotaka ni kukimbia kwa Rahab nimwambie. Rahab! Mtu mmoja tu duniani ningemwambia.

"Mama yako ajue," nikasema.

"Nitamwambia. Nipe mpaka wiki ijayo. Tafadhali, Mum."

Nikakubali. Sijui mbona. Hilo neno Mum lina nguvu.

Mashine ikamaliza. Hakuna herufi hata moja iliyovunjika mguu. Lebo safi kuliko zote tumewahi kukata. Kui hakuthubutu kwenda nayo nyumbani, wala kurudisha mkeka, maana babake alikuwa amekaa barazani. Vyote vimebaki hapa.

Jumatatu, 14 Septemba

Rahab amekuja!

Nilikuwa nimekaa kwa sofa na lebo mkononi, nawaza niifiche wapi. Mlango ukafunguka bila hodi, kama zamani. Nimeikalia. Mkeka nikausukuma chini ya mto wa sofa kwa kisigino.

Ana mfuko wa ndizi na uso umevimba kwa kilio. "Toki," akasema, na mimi nikaanza kulia hapo hapo, siwezi hata kusimama kumkumbatia kwa sababu ya kile nimekalia! Akainama, akanikumbatia hivyo hivyo nikiwa chini. Akasema yeye ni mjinga. Nikasema mimi zaidi. Tukabishana hapo kidogo.

Na ako na habari. Ndung'u amelainika! Jana baada ya chakula alimwambia, kwa hiari yake: hizo mbuzi walete zilivyo, msichana haolewi kwa kilo. Gitonga amekubali kuja. 17 Oktoba, hakuna kusogeza tena. Ndung'u mwenyewe amenunua tai.

"Kitu moja tu," Rahab anasema. "Mkeka umepotea. Nimetafuta nyumba nzima. Nafikiri ni panya wameburuta." Nikasema panya wa siku hizi ni wabaya. Paka wangu akaniangalia.

Akasema haidhuru, tutakata herufi kwa makasi kama zamani, mimi na yeye. Na hiyo ya mzee tutaiwekea alama yake kubwa, aione hata bila miwani. Amekwenda kuchemsha chai. Anaimba. Sijamsikia akiimba jikoni kwangu tangu mwezi jana, na sauti bado ni mbaya, Mungu ambariki.

Ameniachia kalamu. Ati niandike maneno ya lebo vizuri, majina na tarehe, tusikosee tena. Badala yake naandika haya. Akichungulia anaona mkono unaenda, anafurahi.

Kui anarudi kutoka kazini saa kumi na moja. Nimemtumia meseji: KUJA. Hajajibu. Nikisimama, lebo itabaki imeshika leso yangu huko nyuma, aione, gundi yake imeanza kupata joto. Nikikaa, atakuja kukaa hapa kando yangu, juu ya mkeka.

Vikombe vinalia. Anauliza kutoka jikoni, "Toki, umeandika tarehe?"

Nimemjibu ndiyo.

Hajauliza ni tarehe gani.