Baba Alivyonifundisha Kushinda Kipimo

Chumba cha nyuma ya saluni,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

U hali gani huko, wewe na shemeji? Mguu wake umepona, au bado anautumia kukwepa kuosha vyombo? Na wajawazito wako wa huko wodini wanakuacha ulale walau? Sisi hapa tu wazima. Usigune, najua neno "wazima" likitoka kwangu unalipokea kwa mashaka. Soma kwanza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Baba hanipi nafasi. Anainyakua, anasema "salama tu, salama tu," anakata. Sasa hivi amelala, anakoroma.

Wiki hii ilikuwa ya vipimo. Umetimia mwaka tangu nianze hii dawa ya multipo sklerosisi, ugonjwa wangu wa mishipa ya fahamu, na daktari alitaka kujua kama inanisaidia au inanipitia tu. Mishipa ikionekana imezidi kuharibika, ananihamishia dawa kali, ile ya kulazwa, na saluni naifunga. Mbele ya wateja naringa kama kawaida yangu, lakini niliogopa, Dada. Niliogopa sana.

Sasa sikia vituko vya babako. Unakijua kile kibao cha hospitali chenye matundu, unachomeka vijiti kimoja kimoja huku mtu amekushikia saa? Baba alikikodolea macho mwaka jana, akarudi nyumbani, akachonga cha kwake. Useremala wake hautaki kustaafu! Basi kila nikifunga kazi ananiketisha mezani. "Mkono wa kushoto! Tena!" Nikilalamika, ananiambia mwanawe hafeli. Na mimi msusi, vidole vinajua kazi; mwishowe nikawa navichomeka huku nasengenya majirani.

Siku yenyewe nilimaliza upesi hata mtaalamu wa vipimo akaitilia shaka saa yake. Tena kwa kushoto, mkono wenye ganzi! Baba pale mlangoni akashindwa kujizuia. "Si tumefanya mazoezi nyumbani!" Utadhani anadai zawadi.

Daktari akaitwa. Hakufoka, alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mzee, hapa binti yako hapewi maksi. Tunaipima dawa. Ukimfundisha kuficha ugonjwa, nitamwacha kwenye dawa isiyomfaa."

Baba alinywea. Nilitaka kucheka nikashindwa. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo nimemharibia?"

Hakuharibu. Kipo kipimo kingine, kisichofanyiwa mazoezi. Unabandikwa nyaya kichwani kwa gundi, unatazama skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana, na mashine inapima habari inachukua muda gani kutoka jichoni hadi kisogoni. Ganda la mshipa likiliwa na ugonjwa, habari inachelewa. Ila yule mtaalamu alivyogawa nywele zangu, jamani! Nilimpokonya kitana nikagawa mwenyewe. Nife na aibu ya mistari iliyopinda? Thubutu!

Majibu yakaja. Jicho la kulia limebaki palepale pa mwaka jana. La kushoto, lile lililoingia ukungu, limeongeza mwendo kidogo. Daktari akasema kidogo hicho kinamtosha: dawa inafanya kazi, naendelea nayo. Ugonjwa haujaondoka, sikudanganyi, lakini umezuiwa. Na kesho saluni nafungua. Nimefurahi, Dada, nimefurahi mno!

Kuna jambo moja zaidi. Tangu niugue, Baba hajawahi kutembea mbele yangu. Tukiwa njiani yuko nyuma yangu tu, mikono tayari, asije akanikosa nikianguka. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Siku ile tulipotoka hospitali, alitangulia. Akavuka barabara huku anajisemea habari za mbao, wala hakugeuka. Nikabaki upande wa huku nautazama mgongo wake. Koti lake limefumuka katikati ya mabega, tena tangu siku nyingi, na mimi sikuwa nimeliona.

Msalimie shemeji, wabusu pacha wenu, na ukimpigia shangazi mwambie aache kunililia. Mungu akutunzie mikono yako, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na ubishi wako wote,

Msusi